Butura, Poka na Foreksi: Nani Anakaa Upande wa Pili wa Meza

Mnunuzi wa butura hafiki Nyamigogo, wilayani Biharamulo, wakati wa mavuno. Anafika mapema, Januari au Februari, kahawa ingali ya kijani mtini na mwenye shamba akiwa na shida isiyosubiri: mtoto anarudi shule, mgonjwa yuko hospitali, au kuna msiba. Anatoa fedha taslimu, wanakubaliana kilo, na mavuno yakianza katikati ya mwaka kahawa inakwenda kwake. Viongozi wa mkoa wa Kagera wameipiga marufuku biashara hii mara nyingi, kama kangomba, ulanguzi wa korosho, ilivyopigwa marufuku kule kusini, lakini haijaisha. Ninaichambua hapa kwa sababu hesabu yake inajibu swali la vijana wengi wa Biharamulo na Ngara wenye simu mkononi: je, mtu anaweza kuishi kwa kununua na kuuza sarafu mtandaoni, yaani foreksi, au kwa kucheza karata za fedha kama wafanyavyo mabingwa wa poka huko Marekani?

Tuseme mnunuzi analipa shilingi 1,000 kwa kilo ya maganda, kwa kilo 200. Mkulima anapokea 200,000. Mnunuzi naye anajua kwamba si kila aliyepokea fedha ataleta kahawa: mmoja atakumbwa na ukame, mwingine atauza kwa mtu mwingine usiku. Akikadiria kwamba katika kila watano mmoja hataleta, basi kwa kila 1,000 aliyotoa atapata wastani wa gramu 800 tu. Ili arudishe fedha yake, bei ya msimu lazima ifike 1,250. Ikiwa 1,200, amepata hasara hata kama kwa macho anaonekana amenunua rahisi. Ikifika 3,000, kila 1,000 imerudi 2,400 ndani ya miezi sita.

Mchezaji wa poka anayejua kazi yake anapiga hesabu hiyohiyo. Anaangalia fedha iliyoko mezani, anaangalia anachodaiwa ili aendelee, kisha anajiuliza nafasi yake ya kushinda inatosha kulipia gharama hiyo au haitoshi. Haitoshi, anatupa karata bila kinyongo. Mtaalamu hutupa karata nyingi kuliko anazocheza, na mnunuzi mzoefu wa butura naye hupita mashamba mengi bila kufungua pochi.

Ila kuna tofauti kubwa. Poka ina karata 52, hazizidi wala hazipungui. Katika poka ya karata mbili mkononi, jozi ya ree huja wastani wa mara moja katika migao 221, na ikikutana na jozi ya mzungu wa nne hushinda takribani mara 82 katika 100. Hesabu hizo hazibadiliki. Bei ya kahawa haina idadi ya karata. Julai 1989 mfumo wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka dunia nzima. Mwaka 1994 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, bei ikaruka. Mwaka 2020 robusta ilikuwa ikiuzwa London kwa dola 1,300 hivi kwa tani. Septemba 2024, baada ya ukame wa Vietnam, ilipita dola 5,000. Mnunuzi aliyeshika butura miaka hiyo ya mwisho alitajirika kwa jambo lililotokea mbali sana na Kagera, na mkulima aliyemuuzia hakupata hata senti ya ongezeko hilo.

Sasa tuangalie mtaji, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, alitoa kanuni ya kiasi cha kuweka katika kila dau. Chukua mchezo wa kushinda au kupoteza kiasi kilekile, nawe una uwezo wa kweli wa kushinda mara 55 katika 100. Huo ni uwezo mkubwa mno, wengi hawanao. Kanuni inasema weka asilimia 10 ya mtaji, basi. Ukiweka asilimia 20 kila mara, mtaji wako hautakua kabisa kwa muda mrefu, ingawa unashinda zaidi ya unavyoshindwa. Ukizidisha hapo, unafilisika ukiwa na ujuzi wako wote kichwani. Edward Thorp, mwanahisabati aliyechapisha kitabu cha kuwashinda wenye kasino mwaka 1962, aliitumia kanuni hiyo kwenye karata, kisha akaihamishia kwenye soko la hisa na kuendesha mfuko wa uwekezaji kwa karibu miaka ishirini. Alifanikiwa kote kuwili kwa nidhamu ileile ya dau dogo.

Linganisha na kijana anayefungua akaunti ya foreksi kwa dola 50. Dalali anamkopesha hadi mara 500 ya alichoweka. Akiutumia mkopo huo wote, bei ikisogea kinyume chake kwa asilimia 0.2, akaunti imekwisha. Sarafu husogea kiasi hicho kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Ulaya ilipoweka masharti mwaka 2018, mkopo kwa wateja wadogo ulibanwa usizidi mara 30, na wasimamizi wa masoko huko walieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja hao katika biashara hizi za mikataba ya bei hupata hasara. Watafiti waliowafuatilia wanunuzi wa siku kwa siku nchini Brazili walikuta kwamba kati ya waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza fedha. Hao walidumu. Walijifunza. Na bado.

Sababu yake naiona kwa aliyekaa upande wa pili wa meza. Katika poka, mwenye ukumbi hachezi dhidi yako. Anakata sehemu yake katika kila mchezo, na faida yako inatoka kwa wachezaji dhaifu waliokaa nawe. Wakiondoka wao, kazi imekwisha. Ni riziki ngumu na haizalishi kitu, lakini unamwona unayepambana naye. Katika foreksi ya simu, mara nyingi dalali mwenyewe ndiye mpinzani wako: ukipoteza, anapata. Kwa mpangilio huo, kijana wa foreksi yuko karibu zaidi na mashine ya dubwi iliyowekwa pembeni ya baa kuliko na bingwa wa poka anayedhani anamfuata.

Na katika butura, mtu dhaifu mezani ni mkulima. Si kwamba hajui bei, anaijua vizuri. Udhaifu wake ni kwamba hawezi kusubiri. Mnunuzi ana mashamba arobaini, akikosa mawili hatetereki. Mkulima ana shamba moja na mgonjwa mmoja. Ndiyo maana marufuku peke yake haijafua dafu: inamwondoa mnunuzi, shida ya Januari inabaki palepale.

Hata hivyo biashara ya mazao ina jambo moja ambalo poka haitakuwa nalo kamwe. Anayekusanya kahawa, akaikausha vizuri, akaitunza, akaisafirisha na kubeba hatari ya bei, anafanya kazi ambayo mtu mwingine yuko tayari kuilipia. Faida yake haihitaji mjinga upande wa pili. Minada ya vyama vya ushirika kupitia Soko la Bidhaa Tanzania imeonyesha hivyo: wanunuzi wakishindana mbele ya mzigo mmoja, bei inapanda na wafanyabiashara bado wanapata riziki. Kwa hiyo kwa kijana mwenye mtaji mdogo hukumu yangu ni hii: aache foreksi ya simu, asiitegemee poka, ajifunze kahawa yenyewe, unyevu wake, mizani yake, na safari yake kutoka maganda hadi kahawa safi, ambapo kilo mbili huwa kilo moja hivi.

Ombi langu ni kwa viongozi wa vyama vya msingi. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ipo tangu 2005, lakini inamsaidia mwenye mzigo ulioko ghalani, si mwenye kahawa ya kijani mtini. Tengeni malipo ya awali ya Januari hadi Machi kwa wanachama, yakatwe kwenye mauzo ya msimu kwa riba inayobebeka. Bila fedha hiyo, mwakani mnunuzi wa butura atafika tena kabla yenu.