Skyrim: Dawa Inayozaa Dawa

Tangu kampuni ya Bethesda itoe mchezo wa video wa Skyrim Novemba 2011, wachezaji wamebuni njia chungu nzima za kumfanya mhusika wao asishikike. Wengi huishia kuwa wapiga mishale wa kuvizia gizani. Njia hiyo ina raha yake, lakini ina kikomo. Mzunguko wa dawa hauna.

Vifaa vyake ni vya kawaida: kofia, glavu, pete na mkufu, vyote vimerogwa ili kuongeza ustadi wa kutengeneza dawa. Mwenye ustadi kamili wa urogaji hupata asilimia 25 kwa kila kifaa. Kisha anachanganya chumvi, ambayo imejaa kwenye mapipa ya kila kijiji, na samaki aitwaye Abecean Longfin, apate dawa ya kuimarisha uchawi wa uponyaji.

Hapo ndipo pana ufa. Dawa hiyo ilikusudiwa kukuza uchawi wa kuponya majeraha na mwingine wa tawi hilo. Lakini ndani ya hesabu za mchezo, uchawi ulio kwenye ile pete nao umeorodheshwa chini ya uponyaji. Ukinywa dawa, ukavua pete na kuivaa upya, mchezo unapiga hesabu yake tena kwa kiwango kipya. Tuseme dawa inaongeza asilimia 50: kifaa cha 25 sasa kinatoa 37.5. Kwa ustadi huo mpya unatengeneza dawa kali zaidi, unakunywa, unavua, unavaa. Dawa hudumu sekunde 60 tu, lakini haidhuru, maana ukifungua mkoba saa ya mchezo husimama. Na hesabu hufanywa wakati wa kuvaa, si baadaye, kwa hiyo nguvu ya dawa ikiisha mwilini, pete hubaki na thamani yake mpaka uivue.

Kila duru hukua juu ya iliyotangulia, ndiyo maana namba zinapaa ghafla. Ukishikwa na tamaa ukaendelea mno, kompyuta inashindwa kuzibeba: thamani hugeuka hasi, au mchezo unakwama kabisa. Toleo la 2016 lilikuja na ufa uleule. Waliouziba ni mashabiki, kwa kiraka chao wenyewe.

Kinachonivutia zaidi ni pale ambapo waundaji waliweka dari na pale walipoacha wazi. Deraya, hata iwe nzito namna gani, haizuii zaidi ya asilimia 80 ya pigo. Ukinzani dhidi ya uchawi huishia 85. Upanga, ukiimarishwa kwa dawa hizo kali, hauna dari yoyote. Kwa hiyo zao la mzunguko ni mtu anayeua joka kwa pigo moja lakini bado anaumia akichomwa, labda arudi mezani kuroga vifaa vya kumwongezea uhai, ambao nao hauna mpaka.

Kizuizi cha kweli kiko kwenye hadithi. Joka Alduin hadhuriki mpaka umpigie ukelele wa Dragonrend, na kwenye kilele cha mlima Throat of the World hafi hata upanga wako ukiwa na mamilioni: akizidiwa anaruka na kuondoka, nawe huna budi kumfuata hadi Sovngarde, makao ya wafu.