Rangi ya Dhahabu Siyo Dhahabu: Plagi Zetu na Chumvi ya Kilwa

Ukiingia dukani Kilwa Masoko kutafuta jeki ya redio au plagi ya antena, unaweza kuoneshwa aina mbili: ya rangi ya fedha na ya rangi ya dhahabu. Ya dhahabu ina bei juu, na sababu yake ni fupi: “Hii haishiki kutu, hata baharini.” Hebu tubishane na sentensi hiyo, kwa sababu anayeinunua anaweza kuwa mtu wa boti, na redio ikimkatikia huko nje wakati wa kusi, hana wa kumlalamikia.

Nusu ya sentensi ni kweli. Dhahabu haishikani na oksijeni, kwa hiyo uso wake unabaki safi. Kwenye mawimbi ya sauti na data, ambako volti ni ndogo mno kupenya utando wa oksaidi, hilo ni jambo kubwa.

Ila pini yenyewe siyo dhahabu. Ndani ni shaba iliyochovywa, kama ile cheni ya kuchovya inayoacha shingo kijani. Pini iliyotengenezwa vizuri hupakwa nikeli kwanza, mikromita moja na zaidi, halafu dhahabu iliyokazwa kwa kobalti kidogo, yenye unene wa kama mikromita 0.8. Ya bei poa huishia 0.1 au pungufu. Unywele wako una 70 hivi!

Utando mwembamba namna hiyo una vitundu. Unyevu wa chumvi ukiingia humo na kuifikia shaba, unapata betri ndogo: eneo kubwa la dhahabu, kidoa cha shaba kilicho wazi, na shaba ndiyo inayoliwa, tena haraka kuliko ingekuwa peke yake. Yaani dhahabu mbovu inaweza kuharakisha ulaji uliolipia uzuiwe. Ule unga wa kijani unaoukwangua kwa kisu ndio ushahidi wake, na kwa kukwangua unamalizia dhahabu iliyobaki.

Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu za shaba, na zimeokotwa karne nyingi baadaye zikiwa bado sarafu. Mtu akaniuliza, kwa nini pini ife mapema? Sarafu hata ikishika kutu ya kijani inabaki sarafu. Pini kazi yake yote iko kwenye ngozi ya nje.

Lawama siwapi wenye maduka. Sisi tunaoandika sayansi tumezoea kusema “dhahabu haioksidishwi” tukafunga daftari, bila kutaja unene, nikeli wala soketi. Soketi hasa tunaisahau: pini ya dhahabu ndani ya soketi ya bati, kwenye boti inayotikisika, husuguana, bati linahamia kwenye dhahabu na kuoksidika hapo hapo. Bati kwa bati ingekuwa afadhali.

Kwa hiyo ukiwa dukani usiulize rangi. Uliza unene wa dhahabu na kama kuna nikeli chini yake. Kibandiko kisichosema hayo hakijasema kitu. Tazama kama plagi ina mpira wa kuzuia maji. Kwa waya za sola na betri, shaba iliyopakwa bati, ikikazwa vizuri na kupakwa grisi, inatosha. Na ukirudi pwani, futa plagi kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke kabisa kabla ya kuchomeka tena.