Anga la Mara na Istilahi za Ndege Nyuki

Mtu anayetaka kujua ni wapi katika Musoma, Bunda au Butiama anapoweza kurusha ndege nyuki kwa kujifurahisha, bila ya kuvunja sheria, hukabiliwa na mambo mawili. La kwanza ni sheria yenyewe. La pili ni lugha inayotumika kumweleza sheria hiyo. La kwanza lina wenyewe, nao wanajulikana. La pili ni letu, na kwa maoni yetu ndilo linalomkwaza mwananchi zaidi, maana istilahi zinazotumika katika matangazo, barua na tafsiri za maofisini bado hazijapatana zenyewe kwa zenyewe.

Sheria tutaipitia kwa ufupi. Kanuni zinazohusika ni za mwaka 2018, nazo ziliandikwa kwa Kiingereza. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mwenye chombo hukisajili, kisha huomba kibali kabla ya kukirusha, na upande wa ulinzi wa taifa nao una sauti katika idhini hiyo. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hivyo basi maneno tunayoyajadili hapa, ambayo hadi juzi yalikuwa ya magazetini na ya barazani, yaweza kesho kusomwa mbele ya hakimu wa wilaya, na mtu akatozwa faini kwa ajili yake.

Chombo chenyewe kina majina matatu yanayoshindana: ndege isiyo na rubani, ndege nyuki, na droni. La kwanza ndilo linalopendwa na waandishi wa ofisini, nasi ndilo tunalolipinga. Katika ibara ya 8 ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, mataifa yalikubaliana kwamba ndege iwezayo kuruka bila ya rubani isipite juu ya nchi nyingine ila kwa idhini maalumu. Wakati ule dhana ilikuwa hiyo. Lakini Kanuni za 2018 zinazungumzia chombo ambacho rubani wake yuko mbali nacho. Rubani yupo! Amesimama kwenye mchanga wa ufukwe wa Musoma, rimoti mkononi, macho yake angani. Kumwambia kwamba chombo chake hakina rubani ni kumwambia kwamba hakuna wa kuulizwa kikimwangukia mchuuzi wa dagaa, ilhali sheria inamtazama yeye na si mwingine.

Ndege nyuki limelaumiwa na baadhi ya wataalamu kuwa ni tafsiri ya kinyonyaji, kwa sababu jina la Kiingereza nalo latokana na nyuki dume. Hatuoni ubaya wake. Aliyeanza kulitamka kwa Kiswahili hakujali jinsia ya mdudu, alisikia mvumo. Na si binadamu tu wausikiao. Kando ya hifadhi za Tarangire na Manyara vyombo hivi vimekwisha kutumiwa kuwafukuza tembo mashambani, nao tembo, ambao hofu yao kwa nyuki inajulikana, walikimbia. Mkulima wa Bunda anayekesha akilinda mahindi yake hatahitaji kamusi ili alielewe jina hilo. Droni nalo liachwe lizungumzwe. Ni fupi, na umbo lake halilemei ulimi. Katika sheria, hata hivyo, tungependa ndege nyuki litumike pamoja na ufafanuzi wake: chombo cha angani kinachoongozwa na rubani aliye mbali nacho.

Sasa tulitazame neno ambalo hakuna aliyelitilia shaka: kurusha. Watoto hurusha tiara, na mpita njia hurusha jiwe. Kitendo cha kurusha huanzia mkononi, na aghalabu huishia hapo. Kwa hiyo mtu anapouliza, "Nirushie wapi?" hujibiwa kwa kutajiwa mahali pa kusimama: ufukweni, uwanja wa shule, shamba la mjomba wake. Lakini sheria haishughuliki sana na nyayo zake. Inashughulika na njia ya chombo tangu kinapoinuka hadi kinapotua. Mji wa Musoma umejengwa kwenye rasi iliyoingia ziwani, na kiwanja chake cha ndege kimo humo humo mjini. Chombo kilichoinuka kihalali upande mmoja wa mji chaweza, kwa dakika chache tu, kuwa katika njia ya ndege yenye abiria inayotaka kutua. Kwa sababu hiyo tungewashauri watafsiri watumie kuongoza panapotajwa wajibu wa rubani, na kurusha wakiachie kule kuinuka peke yake. Mwalimu naye akiulizwa na wanafunzi wake asijibu "mnaweza kurushia hapa" kabla ya kuuliza chombo kitapita wapi.

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote imo katika majina ya maeneo. Taaluma ya anga, kama inavyoongozwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, inatofautisha maeneo ya namna tatu. Kuna eneo ambalo kuruka ndani yake kumekatazwa kabisa. Kuna eneo ambalo kuruka kumewekewa masharti, na atimizaye masharti hupita. Tena kuna eneo ambalo nyakati fulani hufanyika mambo ya kuhatarisha vyombo, kwa mfano mazoezi ya kulenga shabaha. Katika tafsiri tulizozisoma, mawili ya mwanzo yameitwa kwa jina moja: eneo lililozuiliwa. Tafsiri hii ni mbaya, na ubaya wake si wa kinadharia. Kijana wa Bunda akiliona neno hilo hawezi kujua kama aende kuomba kibali au akae nyumbani. Mwoga ataacha hata pale ambapo angeruhusiwa. Mjasiri atakisia kwamba kila kilichozuiliwa kina mlango wa nyuma, naye atajikuta kituo cha polisi.

La kushangaza ni kwamba wananchi wa mkoa huu huu walikwisha kuzoea kutofautisha maeneo kwa majina, tena kwa Kiswahili. Serengeti ni hifadhi ya taifa. Grumeti na Ikorongo ni mapori ya akiba. Yako pia mapori tengefu, na ziko jumuiya za hifadhi ya wanyamapori kama ile ya Ikona. Kila jina lina sheria yake kuhusu kuingia, kulisha mifugo na kuwinda, na mfugaji ambaye hakumaliza darasa la saba hazichanganyi, maana akizichanganya ng'ombe wake hukamatwa. Lugha iliyoweza kufanya hivyo ardhini haiwezi kushindwa angani. Tunapendekeza eneo marufuku kwa lile la kwanza, eneo la masharti kwa la pili, na eneo la hatari kwa la tatu. Na neno kuzuiliwa liondolewe kabisa katika hati za anga.

Hapo pia ndipo ingedhihirika kwamba idhini ya ardhini na idhini ya angani ni mambo mawili. Anayetaka kupiga picha za nyumbu kutoka juu, ndani ya lango la Ndabaka, anahitaji ruhusa ya wenye hifadhi juu ya kibali cha wenye anga. Butiama, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, pana makumbusho na kaburi lake, nao wageni ni wengi. Mgeni aliyeruhusiwa na wenyeji kuingia na kamera asidhani kwamba amekwisha kuruhusiwa kuipeleka juu. Kinyume chake ni kweli vilevile: kibali cha kutoka Dar es Salaam hakimpi mtu haki ya kutua katika ua wa watu. Aliyezaliwa hapo Butiama, na ambaye alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, alijua uzito wa kuchagua neno moja badala ya jingine.

Kuhusu vipimo tutasema machache. Kiwango kinachotajwa katika nchi nyingi ni futi 400, yaani mita 120 hivi, kutoka ardhini. Tumeona mahali pamoja pameandikwa "kutoka usawa wa bahari". Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Raia mtiifu wa Musoma, akitaka kuifuata tafsiri hiyo, itambidi akiongoze chombo chake umbali wa kilometa moja hivi chini ya maji, mbali sana chini ya tope ambamo sangara hawafiki. Kimo kitumike kwa umbali wa chombo kutoka ardhi iliyo chini yake, na mwinuko kwa umbali wa ardhi kutoka usawa wa bahari. Kiwanja cha ndege nacho kisifikiriwe kuwa ni lami na jengo la abiria tu. Njia ya kurukia iliyoko porini, kama ile ya Kirawira, ni kiwanja vilevile.

Limebaki jina la mtu mwenyewe. Baadhi humwita mwenye uraibu wa ndege nyuki. Neno uraibu ni la zamani na lina heshima yake, lakini asili yake ni tambuu na tumbaku, na siku hizi hospitalini na magazetini limeshikamana na dawa za kulevya. Afisa akisoma katika fomu kwamba mwombaji ni mraibu, huenda akamtazama macho mara mbili kabla ya kugonga muhuri. Michezoni tunao mabondia wa ridhaa na wachezaji wa ridhaa, yaani wasiocheza kwa malipo. Rubani wa ridhaa linaeleweka bila ya maelezo, na linamtenga na mpiga picha za harusi anayelipwa, ambaye si wa ridhaa hata kama anafurahia kazi yake. Wapo watakaosema kwamba ridhaa maana yake ni kukubali. Ni kweli, na anayesikiliza mpira redioni kila Jumamosi hajawahi kutatizwa na jambo hilo.