Kuvuka Bahari Kwenda Darin: Karama Haifuti Sababu

Miongoni mwa visa vya Vita vya Ridda vinavyopendwa mno juu ya mimbari ni kile cha jeshi la Al-Alaa bin Al-Hadhramy (R.A.) kuvuka bahari bila ya vyombo. Ilikuwa katika ukhalifa wa Abubakar As-Swiddiq (R.A.), mwaka 11 Hijria. Walioritadi katika Bahrain ya zamani, yaani mwambao wa Qatif na Hajar, walishindwa, na mabaki yao wakapanda majahazi kukimbilia Darin. Al-Alaa akaomba dua pamoja na watu wake, kisha wakaingia baharini na wanyama wao. Riwaya inasema walikwenda kama juu ya mchanga laini, maji yakifunika nyayo za ngamia tu.

Ahlus-Sunna tunathibitisha karama za mawalii, seuze Masahaba. Tatizo si kisa, bali namna kinavyosimuliwa: kwamba mwenye yakini hana haja ya kupima hatari.

Kwanza, tutazame isnadi. Masimulizi marefu aliyoyanukuu Imam Twabari yanatokana na Sayf bin Umar At-Tamimi, ambaye Yahya bin Main na wengineo wamemdhoofisha. Ibn Hajar amemhesabu dhaifu katika hadithi, lakini wa kutegemewa katika tarekhe. Asili ya kisa imepokewa pia kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), lakini hilo halithibitishi kila pambo lililomo kwa Sayf.

Pili, na hili ni zito zaidi, Sayf huyo huyo anasimulia kwamba mwaka 17 Hijria Al-Alaa alipeleka jeshi Uajemi kwa njia ya bahari bila ya idhini ya Khalifa Umar (R.A.). Waajemi wakawakatia njia ya kurudi kwenye vyombo vyao. Al-Jarud akauawa pamoja na wengine. Umar akaamuru Utba bin Ghazwan awaokoe kutoka Basra, na Al-Alaa akauzuliwa. Mwenye kuipokea riwaya ya kwanza atawezaje kuificha ya pili, na mpokezi ni mmoja?

Tatu, Umar alimkatalia Muawiya (R.A.) kuwapandisha Waislamu baharini. Uthman (R.A.) alipomruhusu, na Kupro ikaendewa mwaka 28 Hijria, alishurutisha asilazimishwe mtu, aende anayetaka. Makhalifa hawa hawakupungukiwa na tawakkul. Walijua kwamba roho za watu ni amana juu ya kiongozi.

Kwa hiyo khatibu anayetaja Darin na ataje Uajemi pia. Karama ni takrima ya Mwenyezi Mungu kwa amtakaye. Haijengewi hukumu, wala haimhalalishii nahodha kujaza abiria kupita kiasi kisha akasema tumetawakali. Ngamia hufungwa kwanza.

Wallahu aalam.