Ukili wa Safari

Seremala akisafiri, benchi na randa hubaki nyumbani. Mfinyanzi habebi tanuru, wala mhunzi mivukuto yake. Msukaji wa ukili yeye huondoka na karakana nzima: furushi la miyaa, yaani majani ya ukindu yaliyochanwa, lililozungushiwa kitambaa chenye unyevu, na vidole vyake kumi. Shazia, sindano ya kushonea mkeka, itatafutwa baadaye, siku ya kushona. Kabla ya hapo hahitaji meza, hahitaji chombo, na akishazoea hahitaji hata mwanga, maana miyaa huihesabu kwa ncha za vidole. Kuna watu huita kusuka kazi ya kupotezea muda. Hao hawajawahi kukaa ubavuni mwa anayesuka.

Mama yangu alizaliwa Rufiji, upande wa Mohoro. Baba alikuwa mtu wa Tabora na mtumishi wa serikali, na likizo yenye nauli ilimjia kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo utoto wetu ulikuwa na safari za namna mbili: ya kusini kwa wajomba, tukienda kwa basi, na ya bara kwa babu, tukienda kwa treni. Picha za safari hizo ni chache, na zilizopo zimefubaa. Kumbukumbu ya kuaminika ni mkeka mmoja mkubwa uliopo nyumbani Mbweni, Dar es Salaam, ambao mama alishona kwa kili alizosuka njiani. Alizikunja kama utepe, akazihifadhi juu ya kabati mwaka hadi mwaka, na siku alipoona zinatosha alizipanga ubavu kwa ubavu akaanza kuzishona.

Kusuka ni sehemu moja tu ya kazi hii, ingawa msafiri mwenzako wa kwenye basi hawezi kulijua hilo. Mkindu unaota mabondeni na kandokando ya mito, na kinachochumwa ni kuti changa ambalo bado halijafunguka. Mama alifundishwa na mama yake kutochuma kila kuti analoliona, kwa sababu mti ukinyang'anywa machipukizi yote haukupi tena. Makuti huanikwa juani siku kadhaa mpaka ukijani uishe na weupe ubaki. Yale ya rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi ya unga. Kisha kuna kuchana, kazi ya ukucha na subira: kila jani hupasuliwa kwa urefu, na vipande vyote lazima viwe na upana mmoja, la sivyo ukili utapinda. Mama alichana usiku wa kuamkia safari, sisi tukifunga mizigo. Baba alilalamika kila mara kwamba furushi la miyaa ndilo lililofungwa vizuri kuliko nguo za watoto. Ilikuwa kweli.

Safari ya kusini ilikuwa safari ya kungoja. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea foleni ya magari ilikuwa haieleweki itaisha saa ngapi au lini. Wanaume walishuka kwenda kugombana na wa kwenye kivuko. Watoto tulifuata mihogo ya kuchoma. Mama alitafuta kivuli, akakunja miguu, akalowesha vidole na kuendelea alipoishia. Alipima kazi yake kwa pima, mikono imenyooshwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na mara nyingi pima ilitimia kabla basi halijasogea hata hatua moja. Kwenye mkeka kuna ukili ambao zambarau yake imevujia kwenye weupe jirani, mfano wa wino uliodondokewa na maji. Hiyo ni mvua ya Ndundu iliyotukuta nje.

Sitaki kuisifu foleni ile. Walikuwemo wagonjwa, walikuwemo wafanyabiashara ambao samaki wao waliharibika, na anayeikumbuka kwa raha ni yule aliyekuwa mtoto mwenye muhogo mkononi. Mama mwenyewe alilishangilia daraja kuliko sisi sote. Mara ya kwanza tulipolipita alichungulia dirishani hadi tukamaliza, miyaa imelala mapajani haijaguswa.

Kwenye treni mambo yalikuwa tofauti. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ilitubeba polepole kiasi cha watu wa behewa moja kuwa majirani kabla ya Morogoro. Daraja la tatu halina siri. Mtu akiona ukili unarefuka mbele yake, atauliza. Safari moja mama wa makamo aliyepandia Dodoma alitazama kimya kwa vituo kadhaa, kisha akanyoosha mikono: "Nipe nami nijaribu." Mama akampa. Akasuka shibiri moja hivi, akibana kwa nguvu mno, tukacheka wote, naye akacheka, akarudisha.

Lazima nieleze kwamba mama hakuwa mpole kwa kazi mbovu. Dada yangu alifumuliwa ukili wake mara nyingi kiasi cha kuchukia ukindu miaka mingi, na mimi nilikatazwa kabisa kuugusa. Mwaa mmoja ukiruka zamu yake, alirudi nyuma hata kama ni pima nzima. Lakini shibiri ile iliyobanwa ipo kwenye mkeka hadi leo, nyembamba kidogo kuliko sehemu nyingine, na mshono wake imebidi uvutwe ili ukili wa pembeni uufuate. Nilimuuliza siku anaushona kwa nini hakuifumua. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la aibu. "Tumekaa naye benchi moja, tumekula machungwa yake. Nifumue nini hapo?"

Baba alipokaribia kustaafu alipata kiwanja Mbweni katika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, tukahamia huko. Mama alikataa ukindu wa dukani. Wa kwake ulitoka Rufiji, ukishushwa Mbagala Rangi Tatu, naye akavuka jiji zima kwa daladala kwenda kuuchukua, kutoka mwisho wa Kinondoni hadi mwisho wa Temeke. Njiani alisuka. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, akina mama wa Boko na Tegeta walianza kumletea oda za vikapu. Alivishona, akapokea fedha, lakini moyo wake haukuwa huko. Na mikeka ya plastiki? Aliiita "ile inayoteleza", basi.

Alipofariki, wanawake waliokuja msibani walitandikiwa mkeka ule ule. Mama mdogo, aliyefika kutoka Mohoro alfajiri, alikaa ukingoni na kuupapasa ukili mmoja baada ya mwingine, akiwaeleza waliokaa naye: hapa tulikuwa kivukoni, hapa marehemu alikuwa na mimba ya huyu, huu wa bara. Wengi hawakumjua mama alipokuwa kijana. Siku ile walimjua.

Juu ya kabati tulikuta ukili mmoja haujaisha, na miyaa yake imekauka pembeni. Mama mdogo alisema hautashonwa hivyo hivyo. Utaendelezwa, tena njiani. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 nikamkatia tiketi. Alipanda na furushi lake, akalowesha vidole, akaanza. Tulifika katika saa zisizotimia nne. Alisimama pale kituoni Dodoma, akanyoosha mikono kupima, ukili ukaishia kwapani. Akaukunja, akaufunga kwenye pindo la kanga, akaniuliza kama ile treni ya zamani bado ipo, na kama inakwenda mpaka Tabora.