Twende Juba, Tena kwa Miguu!

Nimerudi Mombasa jana usiku, viatu bado vina vumbi jekundu, na baba watoto ameshanikataza kupigia watu simu niwasimulie. Basi nawaandikia. Jamani, twendeni Juba! Na mkifika, msipande gari!

Tulifikia kwa shemeji, mtaa wa Juba na Bari. Niliposikia jina hilo mara ya kwanza nilidhani ni wawili, Juba pamoja na Bari, kama mtu na mkewe, nikasema huu mtaa ni wetu kabisa. (Kumbe Bari ni watu: Wabari ndio wenyeji wa ardhi hii.) Shemeji alikuwa na onyo moja: "Hapa wageni hawatembei, nitawatafutia gari." Nimemsamehe. Mwenye mji huwa hauoni.

Siri ya kutembea ni alfajiri. Tangu Februari 2021 Juba iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja, kwa hiyo ukitua unapewa saa nzima ya bure. Uilale, maana kesho lazima uwe njiani kabla jua halijashika. Ikifika saa tano, kwisha habari yako.

Na kituo cha kwanza kisiwe jengo wala sanamu. Kiwe kiti cha plastiki cha mama wa chai. Wamejaa pembeni mwa barabara, chini ya miarobaini, kila mmoja na jiko lake la mkaa na makopo yake ya tangawizi, karafuu na mdalasini. Glasi ni ndogo, sukari imelala chini kimo cha kidole kizima, haijakorogwa. Mama akauliza, "Sukar?" Baba watoto akajibu, "Kidogo." Mama akacheka: "Shweya!" Hapo hapo nikajua tumefika nyumbani. Kiarabu cha Juba ni ndugu wa Kinubi kinachosemwa Kibera na Bombo, na sisi wa pwani tunakidaka nusu bila kufundishwa: chai ni shai, sabuni ni sabun. Nusu nyingine wanakumalizia kwa Kiswahili wenyewe. Sokoni kuna Waganda na Wakenya tele, na wenyeji wengi walikulia ukimbizini Kenya na Uganda. Dereva mmoja wa boda alinisalimia kwa Kiswahili cha Kakuma kitamu kuliko changu!

Kutoka hapo tukaenda kwenye kaburi la John Garang, kiongozi wa ukombozi wa Sudan Kusini. Uwanja mpana, kimya, na bendera. Alizikwa hapo Agosti 2005, na hapo hapo, tarehe 9 Julai 2011, ndipo uhuru ulipotangazwa. Papa Francis naye aliadhimisha misa kwenye uwanja huo Februari 2023. Nilitegemea kupita tu. Tulisimama muda mrefu, hata baba watoto, ambaye makaburi hayawezi.

Kanisa kuu la Mtakatifu Theresa, Kator: zuri, lipite. Haraka yangu ilikuwa soko la Konyo Konyo. Wallahi, soko! Ng'onda wamepangwa kama vigae, siagi ya karanga inachotwa kutoka kwenye mabeseni, bamia kavu iliyosagwa, karkade nyekundu kwenye magunia. Tulikula kisra, mkate wa mtama uliochachuka, mwembamba kiasi kwamba nilipouinua niliona mkono wangu upande wa pili. Unauchana, unaufumbata, unachotea mchuzi. Mimi niliyezaliwa na chapati mkononi nakiri: nimepata mpinzani wake. Pesa tu ndizo vichekesho. Unabadilisha dola chache, unaondoka na mabunda ya noti kama umevunja benki.

Halafu mto. Wenyeji wanauita Bahr el Jebel, na sikio la Mswahili linasikia bahari na jabali, basi moyo unatulia wenyewe. Ni Naili hii hii iliyopita Jinja. Tukachukua boda hadi Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Mei 2022, mita 560, tukalivuka kwa miguu jioni huku maji yakikimbia chini na vijisiwa vya magugu vikienda zake kaskazini. Baba watoto akatoa simu apige picha. Kijana muuza maji akatuwahi: "Mzee, rudisha mfukoni!" Hilo lishikeni: madaraja, askari na majengo ya serikali hayapigwi picha, na kamera yako ina taratibu za kibali. Kwa hiyo daraja hilo sina picha yake hata moja. Ninalo kichwani tu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano iliyeyuka saa saba mchana, kwenye njia isiyo na kivuli, lori limetupita na kutumwagia vumbi. Giza likiingia tulikuwa ndani, hapo shemeji alikuwa sahihi, na habari za usalama zifuatilieni kabla ya kukata tiketi. Huu si mji wa kwenda kwa kubahatisha.

Shemeji anasema tukirudi Mei tutakuta maembe yamejaa barabarani. Nimeshamwambia baba watoto aanze kuweka akiba. Amejibu, "Shweya."