Nuru ya dirishani: juu ya picha mbili za Vermeer

Johannes Vermeer, mchoraji wa mji wa Delft katika Uholanzi, alituachia picha mbili ambazo twapenda kuziweka pamoja mbele ya wasomaji wetu. Moja yaonyesha mtumishi wa kike akimimina maziwa jikoni. Inatunzwa Amsterdam, katika nyumba ya picha iitwayo Rijksmuseum. Nyingine huitwa Mfano wa Imani Katoliki, nayo iko New York. Tulipokuwa seminarini tulidhani kwamba hii ya pili yaipita ile ya kwanza, kwa sababu jambo lake ni kubwa. Leo hatufikiri hivyo tena.

Yafaa kukumbuka kwanza mambo ya nchi ile. Mwaka 1566 Wakalvini waliingia makanisani wakavunja sanamu na picha za watakatifu. Baadaye Misa ilikatazwa mbele ya watu, na wachoraji wakakosa kazi ya altare. Basi wakageukia nyumba: ua uliofagiliwa, mama na mtoto wake, mtu anayesoma barua. Vermeer mwenyewe alioa mke Mkatoliki, Catharina Bolnes, mwaka 1653. Wakakaa katika mtaa wa Wakatoliki, karibu na kanisa la siri la Mapadri Wayezuiti, na mtoto wao mmoja akaitwa Ignatius. Hatuwezi kusema kwamba mtu huyu hakuijua imani yetu.

Mfano wa Imani aliuchora karibu na miaka 1670 hadi 1672. Mwanamke aliyevaa nguo nyeupe na buluu ameweka mguu juu ya mfano wa dunia, na mkono kifuani. Karibu naye kuna kalisi, msalaba na buku kubwa. Sakafuni kuna tunda, na nyoka aliyepondwa na jiwe. Nyuma yake ni picha ya Yezu msalabani, na juu mpira wa kioo unaning'inia kwa utepe. Kila kitu kina maana, na maana zote ni za kweli. Lakini mwanamke yule anainua macho kama mtu anayecheza mchezo wa kuigiza. Twaisoma picha hii kama katekisimu, swali na jibu. Tukiisha kusoma, macho yetu hayana kazi tena. (Nasi tunaohubiri, ni mara ngapi tumerundika mifano ya namna hiyo, tukidhani tumefundisha!)

Picha ya maziwa ni ndogo, sentimita 45 na nusu kwa 41. Nuru yaingia kwa dirisha la kushoto, ambalo kioo chake kimoja kimevunjika. Yagusa paji la uso la mwanamke, na mikono yake iliyokunjuliwa nguo: sehemu ya juu ni nyeupe, viganja ni vyekundu kwa kazi na jua. Yagusa mikate, nayo yametameta kwa vitone vidogo vya rangi. Kisha yafika ukutani, na hapo ndipo twashauri msomaji akae kitambo. Ukuta ni mtupu. Una matundu ya misumari iliyong'olewa, na msumari mmoja uliobaki pamoja na kivuli chake. Mwaka 2022 wataalamu wa Rijksmuseum walitangaza waliyoyagundua chini ya rangi: Vermeer alikuwa ameanza kuchora ubao wa kutundikia mitungi nyuma ya kichwa cha mwanamke, na chini kikapu cha kukaushia nguo kwa moto. Akavifunika vyote viwili. Alikuwa na vitu, akaviondoa, ili nuru ipate mahali pa kukaa.

Wengine hutuonyesha kigae kidogo chini ukutani, chenye Kupido, mungu wa mapenzi wa Waroma wa kale, karibu na kisanduku cha makaa cha kupashia miguu moto. Husema kwamba picha yazungumza juu ya tamaa. Labda mchoraji alitabasamu kidogo alipokichora. Lakini uso wa mwanamke haujui habari hiyo. Anatazama maziwa tu.

Pieter de Hooch, aliyefanya kazi Delft siku zile zile, alichora mama anayetafuta chawa katika nywele za mtoto aliyepiga magoti. Ni picha nzuri sana, na kila mama wa kwetu angeielewa. Ila nuru yake iko nyuma, katika chumba kingine, na mbwa mdogo aliyekaa anaielekea. De Hooch atupa nuru ya nyumba. Vermeer atupa nuru ya mtu.

Tuliwahi kumwonyesha mkatekista mmoja mzee picha hizi mbili za Vermeer katika buku. Juu ya Mfano wa Imani aliuliza mengi: nyoka ni wa nini, mpira wa kioo ni wa nini. Tulimjibu yote, akaitikia kwa heshima. Juu ya picha ya maziwa hakuuliza neno. Aliitazama muda mrefu, kisha akasema: «Padri, mama huyu anamimina polepole, wala si kwa kuogopa madamu.»